Uniti za Chapuo

"Wiki mbili tu," Mama Hiza aliniambia,
akanikabidhi kamba, sufuria iliyobonyea,
na mbwa mwenye ndevu nyeupe.
Mwanawe kapanga ghorofa ya tatu huko Dodoma,
mwenye nyumba hataki hata kuku.
Nikakubali. Nilidhani napewa mzee
wa kulala barazani, tusinzie wote wawili,
mimi na goti langu,
yeye na miaka yake kumi na miwili.

Thubutu!
Siku ya kwanza kafukua mihogo.
Ya pili kawakimbiza kunguru wote wa Chumbageni
hadi relini, akarudi na tope mpaka masikioni,
ulimi nje, anacheka.
Nani kasema mbwa hacheki?
Jina lake Chapuo, na aliyempa hakukosea:
mkia ule ukigonga ndoo tupu
mtaa mzima unajua kumekucha.

Nikamwogesha. Kesho yake nikamwogesha tena.
Bi Somoe wa jirani alivuta baibui lake kando,
"Asinipitie huyo, nina udhu,"
lakini magharibi akamtuma mjukuu
na ukoko wa wali kwenye karatasi:
"Bibi kasema si wako wewe, ni wa huyo kiumbe."

Usiku tu ndipo uzee ulipomkamata.
Miguu ya nyuma ikimtetemeka, akizunguka kabla ya kulala,
mara tatu, mara nne,
kama mtu aliyedondosha sarafu gizani.

Walikuja kumtazama.
Wa kwanza, wa Raskazone, alitaka mbwa mkali wa geti;
Chapuo akamlamba kiatu.
Wa pili akamfunua mdomo, akahesabu meno
kama anunuaye punda. "Huyu kesha kwisha."
Kesha kwisha! Na papo hapo
keshairukia kanga yangu kwenye kamba.
Wa tatu alitaka kitoto cha mbwa.
Wa nne hakuja.
Wiki mbili zikawa miezi minne.
Mama Hiza akipiga simu: "Bado yupo?"
"Yupo."
Kisha kimya, na sauti ya mtu anayepenga kamasi.

Mbelwa ni msoma mita za maji.
Miaka tisa anatembea na fimbo kwa ajili ya mbwa,
ana kovu kwenye shavu la mguu.
Siku ile fimbo ilipoinuka, Chapuo alidhani ni mchezo:
akaidaka, akaenda kuificha uani,
akarudi kudai nyingine.
Mbelwa akaketi kwenye ngazi. Sijapata kumwona ameketi.

Mwezi uliofuata alikuja bila fimbo.
Na uliofuata huo, Chapuo alimsindikiza,
nyumba kwa nyumba, hadi Nguvumali;
mbwa wa mageti wakabweka, wakanusa, wakanyamaza.
Saa kumi jioni walirudi, wamechoka sawasawa.

"Mama," akasema, akilitazama daftari lake, si mimi,
"huyu anataka kazi, hataki baraza."
Niliudhika. Nikamwambia jicho la kushoto lina ukungu,
dawa ya viungo ni ghali, anakojoa akiota,
nikazitoa kasoro zote hadharani,
mimi niliyewaficha wale wengine.
Alisikiliza mpaka mwisho.
Akauliza anapenda kula nini.

Nilimpa kamba. Nilimpa na sufuria.
Sikulia. Nilifagia ua,
nikafagia tena palipokwisha fagiwa.

Leo ni tarehe ya mita. Wamekuja wawili.
Chapuo kanizunguka, kaigonga ndoo kwa mkia,
kisha kaenda kukaa langoni
amsubiri mwenziwe amalize kazi.
Mbelwa kainama, kafuta kioo kwa kidole gumba,
kasoma, karudia kusoma.
"Mama, ulisafiri? Maji yamepungua sana."
"Sikusafiri," nikamwambia.
"We andika tu."